Niliwaambia Ziwa Halitapanda

Januari 2020, kwenye mwalo mmoja wa hapa Nyamagana, Mwanza, niliwaambia watu wasihame. Niliwaambia kwamba Ziwa Victoria limeshamaliza kupanda, na kuanzia hapo litakuwa linarudi nyuma. Niliyasema hayo nikiwa mwalimu wa fizikia niliyewafundisha watoto wao, tena mzee wa kanisa, na hakuna aliyenipinga isipokuwa mtu mmoja ambaye nilimnyamazisha. Mwezi Mei maji yalikuwa vyumbani mwao.

Nimechelewa kuungama. Kwanza nilinyamaza kwa aibu, halafu nikajipa moyo kwamba korona imewasahaulisha watu mengine yote ya mwaka ule. Hawajasahau. Na kosa lenyewe halikuanzia mwaloni. Lilianzia darasani miaka mingi nyuma, kwenye habari ya gharika ya Nuhu, na nisipolieleza kuanzia huko nitakuwa nimeungama nusu.

Shuleni nilikuwa nafundisha fizikia, na mara moja kwa wiki nasimamia kipindi cha dini. Siku moja msichana wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mvua ya siku arobaini inawezaje kufunika Mlima Kilimanjaro? Maji yote hayo yalitoka wapi, na baadaye yalikwenda wapi?" Lilikuwa swali la mtoto aliyeisoma Mwanzo sura ya saba kwa makini. Jibu la haki lingekuwa kumwambia kwamba mimi sijui, au kwamba hapo tunaamini bila kupima. Badala yake nilimwambia asubiri wiki ijayo, nikaenda kutafuta mwanasayansi wa kunibeba.

Nilimpata Edmond Halley, yule ambaye kometi mashuhuri inaitwa kwa jina lake. Desemba 1694 Halley alisoma mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, andiko kuhusu chanzo cha gharika. Hesabu yake nitaieleza taratibu, kwa sababu ni hesabu safi na mimi niliipita mbio.

Halley alianza na mvua. Sehemu za Uingereza zenye mvua nyingi, alisema, hupata inchi 40 hivi kwa mwaka. Hizo ni milimita 1,000 na kidogo, karibu sawa na mvua ya mwaka mzima ya Mwanza. Sasa tuseme mvua yote hiyo ya mwaka inyeshe kwa siku moja. Kesho inyeshe tena kiasi kilekile, na keshokutwa, dunia nzima, mpaka siku arobaini zitimie. Ukijumlisha unapata inchi 1,600, yaani mita 40 za maji.

Mita 40 ndicho kina cha wastani cha Ziwa Victoria. Kwa hiyo mvua ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona, ikinyesha kila mahali bila kupumzika, ingetandaza juu ya dunia maji yenye kina cha ziwa hili tunaloliangalia kutoka Capri Point, basi. Yangeteremkia baharini na kuzamisha nchi za pwani. Mwanza iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari isingefikiwa, sembuse Kilimanjaro yenye mita 5,895. Halley akaona kwamba mvua peke yake haitoshi.

Ndipo akaileta kometi. Huenda, alisema, nyota yenye mkia iliigonga dunia, bahari zikatoka mahali pake na kupanda nchi kavu kwa kishindo, na huenda pigo hilo ndilo lililodidimiza Bahari ya Kaspi na maziwa mengine makubwa ya ulimwengu. Mwaka 1696 William Whiston akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa Whiston, kometi haikugonga bali ilipita karibu: mkia wake ukamwaga mvuke uliogeuka mvua, na nguvu yake ya uvutano ikalipasua gamba la dunia hadi maji ya kilindini yakafoka. Akataja hata majira, mwishoni mwa Novemba mwaka 2349 Kabla ya Kristo. Naye hakuwa mtu wa kubezwa, maana ndiye aliyerithi kiti cha Isaac Newton pale Chuo Kikuu cha Cambridge.

Wiki iliyofuata niliingia darasani na majina hayo mawili, mwaka na mwezi. Nilichora jua ubaoni, nikachora dunia, nikaipitisha kometi kwa chaki ya njano. Nikasema maneno ambayo leo yananichoma: "Sayansi imethibitisha gharika." Kisha, kwa kuwa dirisha la darasa lile lilitazama ziwani, nikanyoosha kidole nikawaambia kwamba hata Nyanza yetu ni kovu la pigo lile.

Hilo la Nyanza Halley hakulisema. Hakujua kwamba kuna ziwa huku. Wasukuma, Wakerewe na Wajita walilijua siku zote, lakini London ilikuja kuambiwa baada ya Speke kufika Mwanza Agosti 1858, wakati Halley ana zaidi ya karne moja kaburini. Niliongeza mwenyewe, kwa sababu nilitaka watoto waione gharika kwa macho yao. Ziwa hili halikuchimbwa na kitu chochote kilichotoka angani. Ardhi ya upande wa magharibi iliinuka polepole, mito kama Kagera na Katonga iliyokuwa ikielekea huko ikarudishwa nyuma, na maji yakatuama hapa katikati. Vitabu vya jiografia vilivyosema hivyo vilikuwa kwenye kabati la shule yetu.

Msichana yule aliridhika, au alionekana kuridhika. Darasa zima lilipiga makofi. Habari ikatoka shuleni ikaingia makanisani, nikaanza kualikwa kwenye semina za vijana, Igoma, Buhongwa, hata nje ya wilaya. Watu wazima walikuwa wakinisubiri mlangoni kunishika mkono, wengine machozi yakiwalengalenga, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa sayansi amewaambia kwamba Biblia yao haina haja ya kuona haya mbele ya wasomi. Naielewa furaha yao. Ilikuwa furaha yangu pia, na ndiyo iliyonifanya nisirudi nyuma hata nilipojua.

Maana nilijua. Andiko la Halley lina mwisho ambao niliusoma na sikuusema. Wiki moja baada ya kulisoma mbele ya wenzake, Halley alirudi akaeleza kwamba mtu anayeuheshimu uamuzi wake amemwonyesha kuwa pigo la namna ile huenda linafaa zaidi kuelezea maangamizi ya ulimwengu uliotangulia huu wetu, si gharika ya Nuhu. Halafu akalizuia andiko lisichapishwe. Alikuwa na sababu za kuogopa: mwaka 1691 alikosa kazi ya ualimu pale Oxford kwa kutiliwa shaka imani yake, na hakutaka kuwakwaza makasisi tena. Lilichapishwa mwaka 1724, miaka 30 baadaye, yeye akiwa mzee na mwanaastronomia mkuu wa mfalme. Mtu aliyebuni wazo lile alikaa nalo miaka 30 bila kulichapisha. Mimi nililisoma Jumanne nikalitangaza Alhamisi, tena nikaligeuza kutoka "huenda" kuwa "imethibitishwa".

Sikusema pia kwamba wasomi wenyewe walipingana. Mwaka 1698 John Keill, mwanahisabati ambaye baadaye alifundisha elimu ya nyota pale Oxford, aliandika kumjibu Whiston pamoja na Thomas Burnet, kasisi aliyekuwa amedai kwamba gamba la dunia lilipasuka likaanguka ndani ya maji. Keill alikuwa muumini kama wao. Alizipitia hesabu zao moja moja akaonyesha hazisimami, kisha akasema kama gharika ilikuwa kazi ya Mungu basi iachwe iwe muujiza, isilazimishwe kuingia kwenye hesabu isiyotosha. Ningewasomea vijana hoja za pande zote mbili wangejifunza jinsi waumini wanavyoweza kubishana kwa adabu juu ya jambo zito. Niliwapa upande mmoja, nikawaambia ndiyo sayansi.

Na yaliyogunduliwa baadaye nilikuwa na wajibu wa kuyajua kwa kazi yangu. Whiston alikuja kushikilia kwamba kometi ya gharika ndiyo ileile iliyoonekana mwaka 1680, akiamini hurudi kila baada ya miaka 575. Wataalamu waliorudia hesabu wakakuta mzunguko wake ni wa maelfu ya miaka, kwa hiyo ule mwaka wake wa Nuhu ukaanguka. Mwaka 1770 kometi inayoitwa ya Lexell ilipita kilomita milioni mbili na kitu kutoka kwetu, karibu kuliko zote zilizokuwa zimewahi kupimwa, na urefu wa mwaka wa dunia haukubadilika hata kidogo. Kutokana na hilo Laplace wa Ufaransa akaonyesha kwamba kometi ni nyepesi mno. Mei 1910 dunia ilipita kwenye mkia wa kometi ya Halley, na haikunyesha mvua yoyote ya ajabu. Machi 1986 chombo cha angani Giotto kiliikaribia kometi hiyohiyo na kupiga picha kiini chake: urefu kilomita 15 hivi, usiofika nusu ya barabara ya Mwanza kwenda Magu. Kitu cha ukubwa huo hakiwezi kuvuta vilindi kwa uvutano wake. Mwezi ni mzito kuliko kiini hicho mara mamilioni mengi, na kazi yake ni kuinua bahari ya Dar es Salaam mita chache wakati wa maji kujaa. Nilikuwa nikifundisha kanuni ya uvutano ya Newton kila mwaka, kidato cha tatu, na sikuwahi kuitumia kwenye hadithi yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipozoea. Nilizoea kwamba ukiwa na jina la msomi, tarehe, na kitu cha angani, watu watanyamaza na kukusikiliza. Na nikiwa na mazoea hayo nikakutana na madoa ya jua.

Uso wa jua huwa na madoa meusi yanayoongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alichapisha utafiti juu ya maziwa Victoria na Albert. Kina cha Nyanza kimekuwa kikipimwa tangu 1896. Brooks aliiweka mistari miwili pamoja, mmoja wa ziwa na mmoja wa madoa. Mwaka 1906 madoa yalikuwa mengi, na ziwa lilikuwa juu. Mwaka 1917 yakawa mengi tena, na ziwa likawa juu tena. Katikati vyote viwili vilishuka. Uhusiano wake aliupima akapata 0.87, na kwenye kipimo hicho 1 ndiyo kulingana kabisa. Mwanafunzi yeyote wa sayansi angeshangaa. Niliukuta mchoro ule kwenye kitabu cha zamani, nikaunakili kwenye daftari langu kwa rangi mbili, nikakifunga kitabu.

Vuli ya 2019 ilinyesha vibaya, kila aliyekuwa Mwanza anakumbuka. Mto Mirongo ulifurika katikati ya mji, na ziwa likaanza kuingia kwenye matete na kupita. Mwezi Januari nilikwenda mwaloni kununua samaki, na mama mmoja anayekaanga mapanki akanisimamisha. Mwanawe alipita mikononi mwangu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mama. Habari za hapa?"

"Za hapa ni maji, mwalimu. Wewe pale kanisani ulitueleza gharika mpaka tukaelewa. Hili ziwa nalo unalionaje? Nina hela yangu ya kikoba. Nikapange chumba huko juu, au nimalizie sakafu?"

Watu walisogea. Niliokota kijiti, nikachuchumaa, nikachora kwenye mchanga mbichi vilima vya Brooks, kimoja cha 1906 na kimoja cha 1917. Nikawaambia jua sasa liko kwenye utulivu wake, kwamba siku nyingi za mwaka uliopita lilikuwa halina doa hata moja, na ziwa hulifuata jua. Hilo la jua lilikuwa kweli kabisa. Nikamwambia amalizie sakafu.

Mzee mmoja alikuwa ameketi pembeni akishona wavu. Alisema, bila kuinua sauti, kwamba mwaka wa Uhuru na miaka iliyofuata maji yalifika kwenye jiwe lile, akaelekeza kwa kidevu jiwe lililokuwa nyuma ya nyumba, juu kabisa ya tulipokuwa tumesimama. Baba yake alifungia mtumbwi pale. Yeye mwenyewe, akiwa kijana mdogo, aliukalia.

Nikamjibu: "Mzee wangu, hayo ni ya zamani. Siku hizi tuna takwimu."

"Sawa, mwalimu," alisema. "Wewe umesoma." Akarudi kwenye wavu wake.

Niseme wazi jambo hili: yeye ndiye aliyekuwa na takwimu. Alikuwa na kipimo cha maji cha 1964, mahali hasa, kwenye jiwe lisilohama, kimetolewa na mtu aliyekuwepo. Mimi nilikuwa na michoro ya vilima viwili vya jua iliyokoma kabla baba yake hajafunga mtumbwi ule. Na heshima aliyonipa kwa kunyamaza ndiyo iliyowagharimu wengine, kwa sababu walimwona amekubali.

Machi shule zilifungwa kwa korona, nikawa nashinda nyumbani. Aprili mvua ya masika haikuonyesha dalili ya kukata. Katikati ya Mei kipimo cha Jinja, Uganda, mahali maji ya ziwa yanapotoka kuingia Mto Nile, kilisoma mita 13.42, kikapita kidogo rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Nilishuka mwaloni.

Kwenye nyumba ya mama yule maji hayakuingia kwa mlango. Yalitokea chini, yakipenya kwenye nyufa za sakafu mpya ya saruji, na yalipojaa ndani ndipo yakakutana na ya nje. Vitanda vilikuwa vimeinuliwa juu ya tofali, tofali tatu tatu. Konokono walikuwa wamepanda ukutani hadi usawa wa magoti. Choo cha jirani kilikuwa kimeshabomoka, na kila mtu alijua maji yale yana nini ndani yake, lakini watoto walikuwa wakivuka humo humo kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Hela ya kikoba ilikuwa ipo, naiona, imelala chini ya maji. Nyuma ya nyumba mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye jiwe la yule mzee.

Nilirudi nyumbani nikakitafuta tena kile kitabu. Kurasa chache tu baada ya mchoro nilionakili, kilieleza kwamba uhusiano ule ulivunjika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 madoa yaliendelea na mzunguko wake na ziwa likaenda njia yake. Brooks hakudanganya mtu. Alikuwa na miaka 26 ya vipimo, mizunguko miwili na ushei, na vilima viwili vikilingana na vilima viwili ni jambo linaloweza kutokea bila kimoja kusababisha kingine. Hiyo ni sura ya kwanza ya takwimu, na nilikuwa naifundisha.

Miaka ya Uhuru yenyewe ingetosha kunizuia. Madoa ya jua yalifika kilele mwaka 1957 na 1958, kilele kikubwa kuliko vyote tangu yaanze kuhesabiwa, kisha yakawa yanapungua mpaka chini kabisa mwaka 1964. Katika kupungua huko ndipo ziwa lilipopanda karibu mita mbili na nusu. Jua linateremka, ziwa linapanda. Yule mzee hakuwahi kusikia habari za Brooks, lakini sentensi yake moja ilikuwa imembatilisha.

Kinacholipandisha ziwa ni mvua. Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayolinyeshea lenyewe, siyo mito. Ni ziwa pana, kilomita za mraba 68,800, tena si la kina kirefu, kwa hiyo mvua ikizidi misimu miwili mfululizo huonekana ufukweni mara moja. Na mvua yetu ya vuli huitegemea sana Bahari ya Hindi. Maji ya bahari hiyo upande wa Afrika yakipata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Sumatra yakapoa, mawingu huja huku kwetu. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, ikawa hivyo 1997, na ikawa hivyo kwa nguvu sana 2019. Mara zote tatu ziwa lilipanda. Mtu aliyetaka kujua habari za masika yale angeanza na joto la bahari na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaosomwa redioni kila msimu. Nilikuwa na redio. Nilidhani utabiri wa redioni ni wa wakulima.

Nilikwenda kumwona mama yule baada ya mvua kukata. Alikuwa amepanga chumba huko juu, akianza upya na karai la kuazima. Nilimwambia nilikosea, na kwamba kitabu nilichokitegemea sikukimaliza. Alinisikiliza hadi mwisho ndipo akasema: "Mwalimu, mimi sikukuuliza habari za jua. Nilikuuliza habari za ziwa." Nilimrudishia sehemu ya gharama ya sakafu. Aliipokea, hakushukuru, na hakupaswa kushukuru. Mzee mwenye wavu naye nilimwendea. Nilimwomba radhi mbele ya watu walewale, kwa kuwa mbele yao ndiko nilikomdharau. Alinichukua mpaka kwenye jiwe, akaniwekea kiganja changu mahali maji yalipofika utotoni mwake.

Lilibaki la gharika. Hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu mwaloni niliwadhuru watu wa nyumba chache na wote wanajua, lakini madarasani na makanisani nilipanda neno ambalo wengine wanalitegemea mpaka leo. Kilichonisaidia ni kusoma habari za Adam Sedgwick. Alikuwa kasisi na mwalimu wa elimu ya miamba pale Cambridge, naye kwa miaka mingi alifundisha kwamba kokoto na changarawe zilizotapakaa Ulaya ni masalia ya gharika moja ya Nuhu. Februari 1831, akiwa rais wa jumuiya ya wanajiolojia ya London, alisimama kwenye kiti hicho hicho cha urais akasema alikosea, kwamba mashapo yale hayakuwekwa na maji ya wakati mmoja, na kwamba alipaswa kusita mapema zaidi. Aliendelea kuwa kasisi mpaka alipofariki mwaka 1873. Hakuna lililoipata imani yake.

Nami nilisimama kanisani. Nilieleza hesabu ya Halley yote, pamoja na mwisho wake, pamoja na Keill. Nilisema hakuna kometi inayojulikana iliyoleta gharika, na Nyanza siyo kovu la pigo lolote. Niliwaambia pia jambo ambalo wengi hawakuwahi kulisikia: wataalamu waliotoboa matope ya chini ya ziwa letu walikuta udongo wa nchi kavu, na mwaka 1996 walitangaza kwamba miaka ipatayo 17,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, likakaa kavu muda mrefu, kisha likajaa tena. Wengine walinuna. Kijana mmoja alitoka nje. Mama mmoja mtu mzima aliuliza kama sasa naikana Biblia, nikamjibu hapana, nakana nilichokiongeza juu yake. Sijui kama alinielewa. Mialiko ya semina imekoma, na ni haki yao.

Najua wengi wenu niliowafundisha sasa ni walimu, na baadhi yenu bado mnaichora kometi ile ubaoni, chaki ya njano kama nilivyoichora mimi. Nawaombeni muiache. Mtoto akiuliza maji yalitoka wapi, mwonyesheni hesabu ya siku arobaini mpaka inapokwama, na inapokwama mwambieni imekwama. Darasa halitavunjika kwa hilo.

Kwa ndugu zangu wa mwaloni, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini wengi mlijenga kabla yake au hamkuwa na pengine pa kwenda, na sina haki ya kuwasuta. Ninachowaomba ni kwamba msinishike kwa maneno yangu ya Januari 2020. Mei 2024 ziwa lilipanda hata kupita pale lilipofika 2020. Tafuteni wazee waliokuwepo mwaka wa Uhuru wawaonyeshe mawe yao wangali hai, na kama nyumba yako iko chini ya alama hiyo, hama kabla ya vuli.